Tovuti Yenye Muhuri

"Picha."

Kimya kidogo.

"Picha. Picha. Picha."

Ilikuwa sauti ya simu yangu. Sauti kavu, ya bati, isiyovuta pumzi wala kukasirika. Hasira yote inaniachia mimi. Nilitelezesha kidole juu ya kioo kuanzia mwanzo wa ukurasa mpaka mwisho, nikarudia tena polepole, nikidhani labda nimeruka kitu.

"Picha."

"Oya, Ones!" Shukuru alinipigia kelele kutoka kizimba cha jirani, anakouza chupa za chai na vikombe. "Mchana wote huu unaangalia picha gani huko? Shem anajua?"

Wauza mikanda wa upande wa pili wakaangua kicheko.

"Kama alikuwa hajui, leo atajua," nilimjibu, "maana simu yangu haina siri, inatangazia soko zima. Acha utani, njoo uniangalizie hiki kitu."

Mimi sioni. Surua ilinipitia nikiwa mtoto kule Ndanda, ikanichukulia macho na kuniachia masikio, pua, vidole na ulimi, na hivyo vimenitosha kufanya biashara Kariakoo. Ninatengeneza na kuuza brashi na mafagio. Makontena yalipoanza kumwaga brashi za plastiki kutoka ng'ambo, watu waliniambia nimekwisha. Nikazinunua hizo za plastiki, nikazipanga kushoto. Zangu za makumbi ya nazi nikazipanga kulia, mteja achague. Wamesema biashara huria, na mimi nimeingia humo humo na fimbo yangu.

Simu yangu ina programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo. Meseji inasoma, habari inasoma, hata upuuzi anaonitumia Shukuru usiku inasoma. Kitu kimoja haiwezi. Ukiipiga picha karatasi na kuiweka mtandaoni, haioni maneno yaliyo ndani yake. Inasema "picha", inapita.

Shukuru akaja, akaichukua simu. Nilisikia pumzi yake ikibadilika.

"Ones. Hii si ile tovuti ya Wakala?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

Wakala wa Vizimba ndiyo ofisi iliyokabidhiwa kugawa nafasi katika jengo jipya la soko letu. Jengo lilikuwa limekwisha, na banda letu la zamani lilikuwa linasubiri kubomolewa. Kila mmoja wetu alijua kwamba atakayekosa kizimba mle ndani atauzia barabarani, na barabarani mgambo hawamwulizi mtu kama anaona.

"Hili ni tangazo," Shukuru alisema. "Wameliskani. Sikiliza. 'Wafanyabiashara wote mnatangaziwa kwamba ugawaji wa vizimba utafanyika kwa njia ya mtandao pekee. Kila mmoja aombe kwa akaunti yake mwenyewe. Mwisho wa kupokea maombi ni siku ya Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri. Atakayechelewa atakuwa amepoteza haki yake.' Halafu saini. Halafu muhuri mkubwa, wa bluu."

"Ijumaa ipi?"

"Ijumaa ya leo, kaka."

Kulikuwa na mteja mbele yangu anagonga brashi kwenye meza kupima ugumu wake. Nikamwomba radhi, nikamwambia arudi baadaye.

"Limewekwa lini, Shukuru?"

"Mbona siku nyingi? Wiki zimepita. Sisi wote tumejaza. Nilijua na wewe ulishajaza zamani. Si wewe ndiye unayetufundisha mambo ya simu hapa?"

Alikuwa anasema kweli, na ndiyo iliyoniuma. Kila juma nilikuwa ninaufungua ukurasa ule, na kila juma simu iliniambia "picha", nami nikawa ninafunga. Nilidhani ni picha za wakubwa wanakata utepe, wanapeana mikono, wanakagua mifereji. Ofisi ile haikosi picha za namna hiyo. Sikuwaza kwamba mtu mzima mwenye akili zake anaweza kuchukua habari ya riziki za watu, akaifanya picha.

Na zamani isingetokea. Kabla ya tovuti, tangazo la soko lilikuwa linapita na mtu mwenye kipaza sauti. Alikuwa anapita kwenye vichochoro vyote akipiga kelele mpaka anakauka koo, na wala sikuhitaji kumwuliza mtu. Wakala walipofungua tovuti, yule mtu akaondolewa. Tukaambiwa tunaenda na wakati. Wakati wenyewe ukaenda, mimi nikabaki.

"Tujaze sasa hivi," Shukuru alisema. "Muda bado upo."

Tukaanza. Akaunti nilikuwa nayo, nenosiri nilikuwa nalo. Jina, namba ya simu, aina ya bidhaa: hizo nilijaza mwenyewe, haraka, mpaka Shukuru akapiga mluzi. Kisha tukafika mahali mfumo unapotaka kuhakikisha kwamba mwombaji ni binadamu. Andika namba unazoziona kwenye picha. Yaani anayeona ni binadamu. Mimi bado wananichunguza. Shukuru akanisomea, nikaandika, tukavuka.

Kisha ikaja ramani ya jengo. *Bofya kizimba unachotaka.* Nikapitisha kidole.

"Picha," simu ikasema.

"Nipe nikubofyee," Shukuru akasema. "Dakika moja tu."

Nikaikumbatia simu kifuani.

"Nini tena?"

"Wewe uliomba kipi, Shukuru?"

Akacheka kidogo, kicheko cha pembeni. "Cha mlangoni. Upande wa Mtaa wa Swahili."

"Ndicho nilichokuwa ninakitaka mimi."

"Sasa mimi ningejuaje, bwana? Unanifananisha na yule mwizi wa steshenari?"

Sikumfananisha. Shukuru ni mtu mwema, mwenye mdomo mrefu na mkono safi. Lakini nilikuwa na ahadi nyumbani. Mke wangu, Stella, naye haoni. Alikuwa na kizimba chake cha karanga na korosho katika soko jingine, na huko nako ukaja usajili wa mtandaoni. Stella akaenda steshenari, kama wanavyofanya maelfu ya watu mjini hapa wasioweza kuujaza mfumo. Kijana wa steshenari akamjazia vizuri, akamwita mama, akamsindikiza mpaka mlangoni. Ila mahali pa namba ya simu aliandika namba yake yeye. Ujumbe wa uthibitisho ukaenda kwake, akaunti ikawa yake, na kizimba akamwuzia mtu mwingine. Polisi walipomsikiliza Stella, walimwuliza swali moja: "Kwani nani alimpa taarifa zako?" Kana kwamba yeye ndiye aliyejiibia.

Tangu siku ile tulikubaliana: hakuna mkono wa mtu mwingine kwenye jambo la riziki yetu. Na kizimba changu ndicho kilichobaki kutulisha wote wawili.

"Ninaenda ofisini kwao," nilimwambia Shukuru. "Wao ndio walioijenga hiyo ramani. Wanioneshe inasomwaje."

"Utagombana nao wewe. Nakujua."

"Niangalizie meza."

Nikampigia Bakili, dereva wa bajaji anayenibeba mara kwa mara. Tukampitia Stella nyumbani Ilala; alitoka akiwa bado na harufu ya karanga za moto mikononi. Nilimweleza yote tukiwa barabarani. Kisha akasema, "Hata mimi huwa naufungua ule ukurasa. Nilidhani ni picha za utepe."

Ofisi ya Wakala ilikuwa na sakafu ya kuteleza, ubaridi wa mashine, na televisheni inayosema peke yake ukutani. Foleni nilipima kwa miguno yake: si ndefu, ila imechoka. Bakili alitushika viwiko kutuvusha kizingiti, akatufikisha kwenye kaunta.

"Karibu kaka," sauti ya mwanamke ilisema. "Hawa wanataka nini?"

"Mimi ni dereva wa bajaji, dada," Bakili akajibu. "Nimewaleta tu. Waulize wenyewe, midomo wanayo."

Watu wakacheka. Yule mwanamke akakohoa. Mtu wa nyuma yake alimwita Madam Severine, nikajua jina lake.

"Haya, kaka. Tatizo?"

Nikamweleza yote: tangazo ni picha, namba za kuingilia ni picha, ramani ni picha. "Ninaomba mnipe njia ya kuomba kizimba changu mwenyewe, kama wanavyoomba wenzangu."

"Pole sana. Lakini mfumo ndivyo ulivyo."

"Basi nipe fomu ya karatasi. Mke wangu na mimi tutaijaza hapa hapa mbele yako, wewe unasoma maswali."

"Mfumo haupokei karatasi."

"Basi ongeza muda."

"Muda unafunga mfumo wenyewe. Mimi siugusi."

"Mfumo, mfumo!" Stella aliropoka. "Huyo Mfumo ana ofisi hapa? Mtuitie tuongee naye."

Safari hii foleni nzima ilicheka, na Severine alikasirika. "Mama, punguza sauti. Hamna ndugu anayeona? Hamna mtu mnayemwamini? Njooni naye, atawajazia, mbona wengine wanafanya hivyo?"

Kila mlango wa ofisi ya umma nchi hii una neno hilo nyuma yake: njoo na mtu. Ukitaka kupiga kura, njoo na mtu. Ukitaka benki, njoo na mtu. Kana kwamba mimi ni nusu, na nusu yangu ya pili naisahau nyumbani.

"Dada Severine," nilisema, na nilijitahidi kusema taratibu, "wewe ulipoomba kazi hii, ulikuja na mtu?"

Nikamsikia akipanga karatasi zake.

"Nchi hii ina sheria ya watu wenye ulemavu. Bunge liliipitisha, si mimi. Inataka habari za umma zimfikie kila mtu kwa njia anayoiweza. Tangazo hili lilikuwa habari ya umma. Lilinifikiaje?"

"Sheria tunaijua," alisema, na sasa alikuwa na ukali wa mtu aliyepata pa kushika. "Tena sisi tuna mwongozo wetu kabisa. Mwongozo wa Tovuti Inayomfikia Kila Mtu. Upo kwenye tovuti yetu, kurasa arobaini na kitu. Ungekuwa umeusoma usingekuja kulalamika hapa."

"Upo wapi?"

"Kwenye tovuti. Sehemu ya nyaraka. Fungua usome."

Nikatoa simu. Nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikaiweka juu ya kaunta. Nikaenda sehemu ya nyaraka, nikaupata, nikaufungua. Watu wa foleni walisogea karibu. Hata televisheni mtu aliipunguza.

"Picha," simu ikasema.

Nikatelezesha kidole.

"Picha. Picha. Picha. Picha."

Ukurasa baada ya ukurasa. Sikuharakisha. Niliwasikilizisha mwongozo wao, wa kutufikia sisi, kuanzia jalada. Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akaacha mwenyewe. Mwingine akasema, "Mungu wangu."

"Picha. Picha."

"Basi, zima," Severine alisema.

"Bado hatujafika sura ya pili, dada."

"Nimesema zima, tafadhali." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Tunaandika kwenye kompyuta. Tunachapa. Mkurugenzi anasaini, tunagonga muhuri, halafu tunaskani ndiyo tunaweka. Lazima. Waraka bila muhuri watu watasema ni feki."

"Kwa hiyo maneno mliyaandika yakiwa mazima, yanasomeka?"

"Ndiyo."

"Mkayachapa, mkayagonga muhuri, mkayapiga picha. Mmeandika kwamba kipofu aweze kusoma, halafu mkahakikisha hatasoma. Yote kwa ajili ya wino wa bluu nisiouona!"

Mlango ukafunguka nyuma ya kaunta. Viatu vizito, marashi ya gharama. "Kuna nini hapa?" Watu walimwita Bwana Filbert, alikuwa meneja wa zamu. Severine akamweleza kwa kunong'ona. Yeye hakunong'ona.

"Ndugu yangu, kwanza tuelewane. Hiyo sheria unayoitaja haina mahali imeandika neno tovuti."

"Imeandika habari."

"Habari ni redio, magazeti..."

"Na tangazo la kizimba changu lilitoka kwenye redio ipi? Kwenye gazeti lipi? Mlimwondoa mtu wa kipaza sauti mkasema kila kitu kiko kwenye tovuti. Likiwa jambo la kutuhamisha, tovuti ni ofisi ya serikali. Likiwa jambo la sheria, tovuti si kitu?"

"Kweli kabisa!" mwanamke mmoja alisema kutoka kwenye foleni. Niliitambua sauti. Ilikuwa ya Jinal, binti wa Manubhai, ambaye duka lao la vifaa ndilo linaloniuzia mbao na waya wa brashi tangu baba yake akiwa bado na nguvu. "Samahani kuingilia, Bwana Meneja. Huyu kaka namjua, ni mfanyabiashara. Mjazieni hapo hapo mbele yetu, kuna ugumu gani?"

"Wajazie!" foleni ikaitikia. "Muda unakwenda huo!"

Filbert akasafisha koo. Ni mtu anayejua upepo wa ukumbi. "Sawa, sawa. Sisi tupo kwa ajili ya wananchi. Madam Severine, mhudumie."

Nilikubali. Kama kuna mkono utakaogusa jambo langu, uwe mkono wa ofisi yenyewe, mbele ya mashahidi, na namba ya simu iwe yangu. Nilimtajia Severine, na Jinal akasogea kuhakikisha kila tarakimu. Tulipofika kwenye ramani, Severine alifanya kitu ambacho sikukitegemea: alinielezea. Alisema mlango uko wapi, ngazi ziko wapi, vyoo viko wapi, wauza samaki watakaa wapi ili nisije nikawa jirani yao. Ilichukua muda mfupi tu, na jengo lote likanijia kichwani kana kwamba nimetembea ndani yake. Hapo ndipo nilipokasirika upya. Maneno machache kama yale wangeyaandika chini ya ramani, nisingetoka sokoni siku ile.

Nilichagua kizimba cha upande wa Mtaa wa Mkunguni, chini ya ngazi. Vizuri vyote vilikuwa vimekwenda, lakini kile kilikuwa na ukuta wa kuning'inizia mafagio.

"Bado kubonyeza tuma," Severine alisema.

"Subiri kidogo," Filbert akasema. "Kelvin! Leta kamera."

"Kamera ya nini?" Stella aliuliza.

"Kumbukumbu tu, mama. Wiki hii tuko kwenye huduma kwa mteja, tunaweka kwenye tovuti. Kaka, hebu shika hiyo fimbo yako mbele, ionekane vizuri. Mama na wewe. Mvue kaka miwani yake, mwanga unarudi. Severine, mshike mkono kama unamwelekeza. Enhe, hivyo."

Vidole vya Severine viligusa mkono wangu, vikasita.

"Chini ya hiyo picha mtaandika nini?" nikauliza.

"Kitu kizuri tu. 'Wakala wawafikia walemavu kidijitali.' Kama hivyo."

"Hamjatufikia. Nimekuja mwenyewe na bajaji."

"Ni maneno tu, ndugu."

"Ni uongo. Wale wengine wasioona walioko majumbani, ambao leo wanapoteza vizimba bila kujua, watasikia 'picha'. Na wanaoona watasoma kwamba tumefikiwa. Mimi sitakuwa ushahidi wa uongo dhidi ya wenzangu."

"Unakuza mambo."

"Bwana Filbert, nikikataa picha, ombi litatumwa?"

Viatu vyake vikasogea nyuma ya kiti cha Severine. "Hakuna anayekulazimisha. Ila Madam Severine ana foleni ndefu, na nyie mmechukua muda mwingi sana. Kaeni pale kwenye benchi. Akipata nafasi atawaita."

"Kubonyeza kitufe kimoja tu!" Jinal alipiga kelele. "Jamani! Bonyeza tu, dada!"

Nikasikia kiti cha Severine kikilia. Nikasikia pumzi yake. Sikusikia kitufe. Viatu vizito vilikuwa bado vimesimama nyuma yake.

"Anayefuata," alisema.

Tulikaa kwenye benchi, mimi na Stella, bega kwa bega. Bakili aliacha kwenda kutafuta abiria wengine, akakaa nasi. Jinal alikataa kuondoka ingawa shughuli yake ilikwisha. Alikuwa anaangalia saa ya ukutani na kututajia, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Watu walihudumiwa mmoja baada ya mwingine. Mmoja alikuwa anauliza njia ya kwenda ofisi nyingine kabisa, akaelekezwa kwa upole mwingi. Nilikwenda kaunta mara mbili. Mara zote mbili niliambiwa niwe mvumilivu. Neno hilo nalo waliligonga muhuri zamani.

Kisha kompyuta zote za kaunta zikatoa mlio mmoja mdogo.

"Mfumo umefunga," Severine alisema. Hakumwambia mtu. Baadaye kidogo akaongeza, na safari hii alikuwa ananiambia mimi, "Umejifunga wenyewe. Sina namna ya kuufungua."

"Kitufe ulikuwa nacho wewe," nilisema. "Haukuwa mfumo."

Jinal akanishika bega. "Nimeona kila kitu, kaka Onesphory. Popote utakaponiita nitasema. Andika namba yangu."

Nikaiandika mwenyewe.

Nje jua lilikuwa kali bado, na wauza maji walikuwa wanapita wakigonga chupa. Bakili alienda kuwasha bajaji. Stella alisimama hapo hapo kwenye ngazi, hakutaka kushuka.

"Ungetulia tu, Ones," alisema. "Ungesimama, wapige picha yao, tutoke na kizimba. Sasa tunakula nini?"

"Na wewe ungependa wakupige picha?"

"Sijasema ningependa. Nimesema tungekuwa na kizimba."

Alikuwa na haki yake yote, na njaa ya kesho tutaila wawili. Nikamtafuta mkono, akaniacha niupate.

"Jumatatu ninaenda kwa wanasheria wa msaada," nilisema. "Tutafungua kesi. Si ya kizimba peke yake. Waamriwe kuandika maneno, waache kutupigia picha. Na kama sheria haijataja tovuti, itajwe."

"Mimi polisi waliniambia nirudi Jumatatu," Stella alisema. "Nilirudi. Wakaniambia Jumatatu nyingine. Nikachoka, nikaacha, na yule kijana mpaka leo ana steshenari yake. Wewe una hasira leo. Hasira yako naijua, inachemka upesi. Kesi ni ndefu. Katikati watakuita pembeni. Watakupa kizimba kizuri, cha mlangoni, wakuambie futa kesi. Na mimi nitakuwa nina njaa, pengine nitakuambia kipokee. Utafanyaje?"

"Nitakataa."

"Sema vizuri. Sema kwa sauti, hawa walioko ndani wasikie, na mimi mwenyewe nisikie, ili siku nikikuambia kipokee unikumbushe."

Nikageukia ule mlango unaotoa ubaridi. Watu waliokuwa wanatoka walisimama.

"Stella," nilisema, kwa sauti yangu yote, "nakuahidi. Nitafungua kesi Jumatatu kwa jina langu na kwa jina lako. Wakiniita pembeni sitaenda. Wakinipa kizimba cha mlangoni ninyamaze, nitakikataa, hata wewe ukinibembeleza kwa njaa. Sitaiacha kesi hiyo mpaka siku utakapofungua ukurasa wa ofisi yoyote ya umma nchi hii, wewe mwenyewe, bila mimi, bila mtu, na ukausoma wote."